Sabufa mpya, risiva ya zamani: kisa cha spika zilizonyamaza ghafla

Naandika kisa hiki kwa kirefu maana ndani yake kuna karibu kila mtego anaokutana nao mtu akitaka kuongeza sabufa (spika ya besi tu) yenye ampu (kikuza sauti) yake ndani kwenye risiva (redio na ampu kwenye boksi moja) ya stereo ya zamani, na yote ilimpata mtu mmoja kwa kufuatana. Mwenyewe amekubali kiandikwe. Majina nimetoa, aina za mashine nimetoa, mahali pia nimetoa, lakini mengine yote ni kama yalivyokuwa.

## Usuli

Mwenye mashine ni mzee mpenzi wa muziki, ana risiva ya mwishoni mwa miaka ya 1970, zile zenye mbao pembeni na mshale wa stesheni unaotembea nyuma ya kioo. Inatoa wati 45 kila upande kwenye spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Nyuma ina teminali za spika seti mbili, A na B, ina PHONO, ina AUX, ina TAPE ya kuingiza na TAPE ya kutoa. Tundu la sabufa haina, na wala si kwamba limeharibika au limefichwa mahali. Zama zile mtu alikuwa ananunua spika mbili kubwa na besi inatoka humohumo. Tundu la sabufa lilikuja kuwa la kawaida miaka ya 1990, sauti ya sinema ya 5.1 (spika tano na njia moja ya besi) ilipoingia majumbani na ile .1 ikahitaji njia yake yenyewe.

Spika za zamani za mzee zilishachakaa, akabadilisha akaweka ndogo za kukaa kwenye rafu, spika ya besi inchi 6 na nusu. Nzuri sana kwa sauti ya mtu na gitaa ila gitaa la besi likishuka chini unalisikia linafifia. Kijana wake akamletea sabufa ya inchi 10. Kwa nyuma sabufa ina matundu mawili ya RCA (ya duara, ya kuchomeka nyaya za sauti) yaliyoandikwa LINE IN, moja limeongezewa neno LFE (njia ya besi ya sinema), halafu ina safu mbili za klipsi za waya, moja HIGH LEVEL IN nyingine HIGH LEVEL OUT, ina nobu ya sauti, nobu ya krosova (inayopanga sabufa ishike sauti za chini ya Hz ngapi), swichi ya fezi ya 0 na 180 (inayogeuza mawimbi ya sabufa yaendane na ya spika), swichi ya AUTO na ON, na waya wa umeme wenye plagi ya pini tatu. Kitabu cha maelezo hakikuwepo.

## Mambo yalivyoenda

Kijana alifanya kile ambacho wengi wangefanya. Akachukua waya wa RCA uliokuja na sabufa, akaangalia nyuma ya risiva wapi kuna matundu ya RCA ya kutoa, akakuta TAPE OUT, akachomeka. Sabufa ikapiga palepale. Furaha ikawa kubwa, mpaka mzee aliposhika volyumu ya risiva akapunguza. Spika zikashuka, sabufa ikabaki palepale. Akaongeza, spika zikapanda, sabufa palepale. Basi wakaanza kuishi na nobu mbili, kila ukigusa volyumu ya risiva unaenda nyuma ya sabufa kupunguza au kuongeza, na ukihama kutoka santuri kwenda kwenye king'amuzi uwiano wote unavurugika upya. Usiku mmoja mzee akazungusha volyumu mpaka mwisho chini ili aongee na simu, spika kimya kabisa, sabufa inaendelea kutikisa vioo vya dirisha peke yake.

Rafiki wa kijana akatoa ushauri: kata kichwa kimoja cha waya wa RCA, menya, funga kwenye teminali za spika, kile kichwa kingine kiache kwenye LINE IN ya sabufa. Wakafanya. Kwa sauti ya chini ilikubali, na safari hii sabufa ikafuata volyumu kweli, ila ukipandisha kidogo tu besi inakuwa inakwaruza, nzito, chafu, kama karatasi ya spika imechanika. Wakaogopa, wakatoa.

Ndo kijana akagundua zile klipsi za HIGH LEVEL IN. Hapo alifikiria vizuri kabisa. Akachukua waya wa spika, akatoa kwenye teminali za B za risiva, kushoto na kulia, nyekundu kwa nyekundu nyeusi kwa nyeusi, akaingiza kwenye sabufa. Spika za mzee zikabaki A. Akabonyeza A na B kwa pamoja ili zote zipige, na hapo ndo balaa lilipotokea: sabufa inanguruma safi kabisa, spika za A zimenyamaza. Si kupungua, zimenyamaza, ukiweka sikio kwenye spika unasikia kwa mbali sana kitu kama mbu. Wakazima kila kitu, wakachomoa umeme, mzee akanipigia. "Mwanangu," ananiambia, "wameiua redio yangu." Nikamwambia asiwashe, naja.

## Nilichokuta, na tulichoamua

Kabla ya kuwasha nilianza na mambo ya kuangalia kwa macho. Nyuma ya teminali za spika kulikuwa na nyuzi chache za shaba zimetawanyika kutoka kwenye ule waya wa RCA waliokata. Uzi mmoja kama nywele ukigusa nyekundu na nyeusi kwa pamoja, ampu ya zamani inaweza kuunguza transista za kutolea sauti, na kuzipata zile zile leo ni kazi. Nikasafisha. Nikapima kwa mita kati ya nyekundu na nyeusi kila upande, hakuna zilipogusana. Fyuzi nzima.

Nikachomoa nyaya zote za B, nikaacha spika za A tu, volyumu chini kabisa, nikawasha, nikabonyeza A peke yake. Spika zote mbili zikaimba. Mzee alivuta pumzi nikaisikia kutoka nilipokuwa nimeinama. Kwa hiyo redio haikufa, spika hazikufa. Halafu bila kurudisha chochote kwenye B nikabonyeza A na B kwa pamoja, na spika zikanyamaza tena. Nikatoa B, zikarudi. Hicho kipimo kidogo kilimaliza kesi yote.

Risiva ile ikiwekwa A na B inaunganisha spika kwa mfululizo, si sambamba (kila moja na njia yake). Yaani umeme wa sauti unapita kwenye spika ya A, ukitoka hapo ndo unaingia spika ya B, ndo unarudi. Watengenezaji wengine walifanya hivyo ili mteja akifunga jozi mbili za omu 8 ampu ione omu 16 badala ya omu 4, isichemke. Kwa spika mbili za kawaida hiyo ni sawa, sauti inapungua kiasi lakini zote zinapiga. Sasa pembejeo ya HIGH LEVEL ya sabufa si spika. Yenyewe inachungulia tu volti, haichukui karibu umeme wowote, omu zake ni maelfu. Tuseme omu 10,000. Ukiiweka mfululizo na spika ya omu 8, volti zinagawanyika kwa uwiano huohuo: ampu ikitoa volti 19, sabufa inapata karibu zote na spika inabaki na kama volti 0.015. Ndo ule mbu. Sabufa ilikuwa inafurahia, spika zimefungiwa mlango, na hakuna kitu hata kimoja kilichoharibika.

Hapo tukawa na njia za kuchagua, na nataka nieleze kwa nini tulichagua tuliyochagua maana hapo ndo kuna somo.

TAPE OUT tuliiacha kabisa. Sauti inayotoka hapo ni ile ile iliyoingia, haijapita kwenye volyumu, haijapita kwenye besi, trebo wala balansi. Tundu lile lilitengenezwa kwa ajili ya kurekodi kaseti, na ukiwa unarekodi hutaki kaseti ipande na kushuka kwa sababu mtu kagusa volyumu. Halijakosea, ndo kazi yake. Kwa sabufa haifai, na hakuna kurekebisha kwa nobu kutakakoifanya ifae.

Waya wa RCA uliokatwa nao hapana. Wati 45 kwenye omu 8 ni volti 19 hivi, na LINE IN imezoea vyanzo ambavyo kwa kawaida havizidi volti 2 hivi. Ndo maana ilikuwa inakwaruza, mlango wa sabufa ulikuwa umeshajaa kabla ampu yake haijafanya lolote. Kama sabufa ingekuwa haina HIGH LEVEL kabisa, hapo ungetafuta kile kiboksi cha kushusha volti za spika kuwa za RCA, wanavitumia sana mafundi wa redio za magari, na kingefanya kazi vizuri. Sabufa hii haikuhitaji.

Njia ya tatu ilikuwa kuingiza nyaya za risiva kwenye HIGH LEVEL IN kisha spika za mzee zitoke kwenye HIGH LEVEL OUT. Kijana aliipenda hii kwa sababu nyaya zinakaa kwa mpangilio. Mimi niliikataa. Sabufa nyingi kwenye OUT zimewekewa kapasita inayozuia besi isiende kwenye spika, na kapasita hiyo mara nyingi inakata juu zaidi ya unavyotaka, unabaki na shimo kati ya mahali sabufa inapoishia na spika zinapoanzia. Sabufa nyingine OUT ni waya mtupu unaopita tu. Hatukuwa na kitabu cha kutuambia hii ni ipi, na hata ingekuwa waya mtupu, sikuona sababu ya kuzipeleka spika nzuri kwenye klipsi nyembamba za plastiki zilizopo kwenye boksi linalotetemeka.

Kwa hiyo tukafunga vyote viwili kwenye A. Kwenye kila teminali ya A panaingia waya mnene wa spika na waya mwembamba wa sabufa, vimesokotwa pamoja vizuri kabla ya kubanwa, hakuna uzi hata mmoja umetoka nje. Waya wa sabufa unaweza kuwa mwembamba bila shida kwa sababu umeme unaopita humo ni kidogo mno. Kijana aliuliza kama ampu haitalemewa kubeba spika na sabufa pamoja, swali zuri, na jibu ni kwamba omu 8 sambamba na omu elfu kadhaa bado ni omu 8, risiva haijui hata kama sabufa ipo.

Kabla ya kubana nilipima kitu kimoja zaidi. Risiva imezimwa na imechomolewa umeme, mita kati ya nyeusi ya kushoto na nyeusi ya kulia, halafu kati ya kila nyeusi na bodi ya chuma. Zote zikasoma karibu sifuri, maana yake nyeusi zote ni ethi moja ya ndani. Risiva nyingi za zamani ziko hivyo lakini si zote, na ampu nyingi ndogo za kisasa nyeusi yake ina umeme wa sauti kama nyekundu. Kwenye ampu ya namna hiyo ukifunga nyeusi zote mbili kwenye sabufa ambayo ndani imeziunganisha, umezipigisha shoti. Usiruke hiki kipimo.

## Mvumo

Tukawasha. Spika zinapiga, sabufa inapiga, volyumu inaongoza vyote. Mzee akaanza kutabasamu halafu akanyanyua kidole. Chini ya muziki kulikuwa na mvumo, mmmm usiokoma, na ukizima muziki ndo unausikia zaidi. Haukubadilika hata ukigusa volyumu ya risiva.

Yule rafiki wa kijana naye alikuwepo, akasema dawa yake anaijua: kata pini ya ethi kwenye plagi ya sabufa. Nilisema hapana na nitaendelea kusema hapana kwa yeyote. Pini ile ipo ili siku waya wa ndani ukigusa chuma, fyuzi ikatike badala ya mtu kupigwa. Ni kweli ukiikata mvumo mara nyingi unaisha, na hapo ndo hatari yake ilipo maana unaona umefaulu.

Tulitafuta mvumo unakotoka kwa kuchomoa kitu kimoja kimoja. Kicheza santuri, mvumo upo. King'amuzi kilichokuwa kwenye AUX, mvumo ukakatika. Tukarudisha RCA za king'amuzi, mvumo ukarudi, tukachomoa waya wa antena nyuma ya king'amuzi, ukakatika tena huku RCA zikiwa palepale. Basi njia ikaonekana: ethi ya plagi ya sabufa, inapita kwenye nyeusi za waya wa spika hadi bodi ya risiva, inapita kwenye ganda la RCA hadi king'amuzi, inapita kwenye ganda la waya wa antena hadi nguzo ya chuma iliyochomekwa ardhini nje. Mduara mzima, ethi mbili zisizolingana, na umeme mdogo unazunguka humo. Kabla ya sabufa kuja, risiva ilikuwa na plagi ya pini mbili kwa hiyo mduara haukuwepo, na ndo maana mzee aliapa kwamba redio yake haijawahi kuvuma. Alikuwa sahihi.

Dawa ikawa kiunganishi kidogo cha kutenganisha ethi, kinachofungwa kwenye waya wa antena, kinapitisha mawimbi ya TV ila hakiunganishi ganda na ganda. Angalizo kwa mwenye dishi la satelaiti: waya wa dishi unabeba pia umeme wa kuendesha kichwa cha dishi, na kiunganishi cha kutenganisha kwa kawaida kinauzuia, kwa hiyo kwenu hakitafaa. Hata antena yenye kikuza mawimbi inayopelekewa umeme kwa waya huohuo ni hivyohivyo.

## Kuipangia mahali na kuipima

Hapa tulikaa muda mrefu kuliko kwenye nyaya, na watu wengi hapa ndo wanaparuka. Kwanza tukazima LOUDNESS na kuweka nobu za besi na trebo za risiva katikati, maana sabufa inasikia kila kitu spika zinachosikia, ukipangilia huku LOUDNESS imewaka utakuwa unapima besi iliyoongezwa tayari.

Chumba kina urefu wa mita 4.3 na kochi la mzee lilikuwa karibu katikati kabisa ya urefu huo. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba cha urefu ule kinasimamisha wimbi la karibu Hz 40, na katikati ya chumba ndo mahali wimbi hilo linapokuwa halisikiki. Yaani mzee alikuwa amekaa kwenye shimo. Angeweza kununua sabufa mara mbili ya ile na bado angeniambia besi haina nguvu, huku watu wa jikoni wanalalamika. Tukasogeza kochi nyuma. Halafu sabufa tukaiweka juu ya kochi pale anapokaa, tukapiga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea noti nyingi, na mzee mwenyewe akazunguka chumba ameinama, sikio karibu na usawa wa goti, akifuata ukuta. Kwenye kona besi ilikuwa kubwa ila noti zote zinafanana, bumbum tupu. Alipofika ukuta wa pembeni, mbele kidogo ya dirisha, akasimama. "Hapa nazisikia zote." Sabufa ikahamia hapo.

Krosova tulianza Hz 80 tukaweka mtangazaji mwanaume anaongea redioni. Sauti ya mwanaume mtu mzima inaanzia kwenye kama Hz 85 na kuendelea, kwa hiyo ukimsikia mtangazaji anatokea kwenye sabufa, krosova iko juu mno kwa mahali ulipoiweka. Tulimsikia. Tukashusha hadi 65 hivi, akarudi kwenye spika. Fezi tulijaribu 0 na 180, mzee amekaa, kijana anabonyeza, mzee hajui ni ipi. Mara zote alichagua 180, besi inajaa zaidi. Hiyo haina maana 180 ndo sahihi, kwenye kona nyingine ya chumba hichohicho ingeweza kuwa 0. Mwisho nobu ya sauti ya sabufa, tukaipandisha mpaka unajua sabufa ipo, halafu tukaishusha mpaka unaijua tu ukiizima.

## Matokeo

Volyumu moja inaongoza vyote. Mvumo hakuna. Besi inashuka mpaka noti za chini za gitaa la besi zinasikika kila moja kwa jina lake, na mzee ameanza kurudia santuri alizoziacha. Spika na risiva hazikupata madhara yoyote.

Kuna moja liliibuka baadaye. Mzee akisikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya chini, sabufa ilikuwa inalala, na muziki ukianza inachelewa kuamka. Ni swichi ya AUTO, volti za sauti ndogo hazitoshi kuiamsha. Ikawekwa ON, akawa anaizima mwenyewe akienda kulala.

## Uchambuzi

Kosa la msingi kwenye hatua mbili za kwanza lilikuwa moja: walichagua njia kwa kuangalia kichwa gani kinaingia tundu gani. RCA inaingia TAPE OUT bila shida, na hapo ndo inadanganya. Swali la kuanza nalo ni mahali gani kwenye safari ya sauti unachota, kabla ya volyumu au baada, na ni volti ngapi ziko pale. TAPE OUT: kabla ya volyumu, volti ndogo. Teminali za spika: baada ya volyumu, volti kubwa. LINE IN inataka volti ndogo, HIGH LEVEL inataka kubwa. Ukiwa na majibu hayo, risiva ya zamani isiyo na tundu la sabufa inabaki na mlango mmoja tu unaofaa, na ni ule wa spika.

Isipokuwa risiva nyingine za zama hizo zina PRE OUT na MAIN IN, kila tundu limeunganishwa na mwenzake kwa kipini cha chuma chenye umbo la U. Hapo ni baada ya volyumu na volti ni ndogo, pazuri sana kwa LINE IN. Ila ukitoa vipini ukachomeka sabufa tu, umekata njia ya kwenda kwenye ampu na spika zitanyamaza, na mtu atakwambia tena redio imekufa. Zima, toa vipini, weka kigawanyo cha njia mbili kwenye PRE OUT, mkono mmoja urudi MAIN IN, mwingine uende sabufa. Na kama LINE IN ya sabufa ina moja la LFE, jua kwamba hilo mara nyingi linaruka krosova ya sabufa, kwa stereo tumia matundu ya kawaida.

Hatua ya tatu ya kijana siiweki kwenye makosa. Kutumia B kwa sabufa ni sahihi kwenye risiva zote zinazounganisha A na B sambamba, na ni nyingi. Kilichokosekana ni kipimo: B tupu, spika kwenye A, volyumu chini, bonyeza zote mbili. Zikiendelea kuimba ni sambamba, zikinyamaza ni mfululizo. Ila usikifanye kwenye ampu ya valvu (zile za mirija ya kioo), zile haziruhusiwi kupiga bila spika.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni mzee kukubali kutowasha tena. Watu wakiona kimya wanapandisha volyumu, halafu wanagusa waya, waya unarudi ghafla volyumu iko juu, spika ndo zinakufa kweli. Na kuchomoa kimoja kimoja kwenye mvumo kulitupa mkosaji bila kununua chochote cha kubahatisha.

Ambacho hatukukitatua nakisema wazi. Kwa kufunga sambamba, spika ndogo bado zinapelekewa besi yote, hata ile zisiyoiweza. Wengi wanaamini sabufa ikija spika na risiva zinapumzika, kwa ufungaji huu hazipumziki hata kidogo. Mzee akipandisha sana, spika ya inchi 6 na nusu inaanza kuhangaika kabla sabufa haijatoa jasho, na huo ndo ukomo wa mfumo wake kwa sasa. Kuondoa besi kwenye spika bila kupitia ile OUT ya sabufa niliyoikataa kungetaka krosova ya nje kati ya sehemu ya volyumu na ampu, na risiva yake haina pa kuingilia hapo bila kufunguliwa. Tulikubaliana asiifungue. Anasikiliza kwa sauti ya kawaida, na kwa sauti hiyo hakuna kinachohangaika.

Pia volyumu ya risiva ina uchakavu, ikiwa chini kabisa upande wa kulia unasikika zaidi. Sabufa nayo inasikia hivyohivyo kwa sababu inakula chakula kilekile. Hiyo ni kazi ya kusafisha nobu kwa dawa ya kusafishia kontakti, haihusiani na sabufa, na imepangiwa siku yake.